Shakespeare Hana Tarehe ya Kuzaliwa: Namna ya Kusoma Vitabu vya Parokia za Uingereza

Kila tarehe 23 Aprili watu husherehekea siku ya kuzaliwa ya William Shakespeare. Ukiuliza tarehe hiyo imeandikwa wapi, jibu ni: hakuna mahali. Kilichopo ni mstari mmoja wa Kilatini katika kitabu cha kanisa la Holy Trinity, Stratford-upon-Avon, unaosema William mwana wa John alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Zama zile watoto walibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, basi watu wakarudi nyuma siku tatu wakapata 23. Ni makisio mazuri, lakini ni makisio.

Tuibaki na familia hii kidogo, maana imechimbwa na watafiti kwa miaka mingi na bado ina matundu. Anayetafuta ukoo wa mkulima wa kawaida atakutana na matundu yale yale, tena makubwa zaidi.

Vitabu hivi vilianza mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Angalia vizuri: hakusema kuzaliwa wala kufa. Kasisi aliandika ibada iliyofanyika. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa hana mstari kwenye ubatizo, na aliyebatizwa akiwa na miaka mitano anaweza kuonekana kana kwamba ni mchanga. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo, kwa mtu asiye na mali wala cheo, kitabu cha kanisa mara nyingi ndicho pekee kinachomtaja.

Halafu kuna suala la nakala. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba kumbukumbu za zamani zinakiliwe kwenye vitabu vya ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Elizabeth I alipoanza kutawala. Ndiyo maana vitabu vingi, cha Stratford kikiwemo, vinaanzia 1558. Yaani mstari wa 1564 tunaousoma leo uliandikwa na mnakili miaka mingi baadaye. Uzuri ni kwamba amri hiyo hiyo ilitaka kila parokia ipeleke nakala kwa askofu kila mwaka, kwa hiyo kwa miaka iliyofuata unaweza kulinganisha maandishi mawili, pale yaliposalia.

Kalenda nayo ina mtego. Mapacha wa Shakespeare, Hamnet na Judith, walibatizwa tarehe 2 Februari. Kitabu kinasema 1584, sisi tunasema 1585. Hakuna aliyekosea: mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulibadilika tarehe 25 Machi, siyo 1 Januari. Usipojua hili unaweza kuona mtoto "amezikwa" Februari 1640 ilhali alibatizwa Novemba 1640, ukadhani karani alikuwa amelewa.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni majina. Septemba 1558 John Shakespeare alibatizisha binti aitwaye Joan. Aprili 1569 akabatizisha Joan mwingine. Kwetu mtoto hurithi jina la babu au bibi; Waingereza wa zama zile waliweza kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyetangulia kufa. Mazishi ya Joan wa kwanza hayamo kitabuni. Sasa, Joan aliyeolewa na William Hart, akazikwa 1646, ni yupi? Hapa baiolojia inasaidia. Mtoto wake Michael alibatizwa 1608. Joan wa 1558 angekuwa na miaka 50, wa 1569 angekuwa na 39. Jibu linajitokeza lenyewe, ingawa hakuna karatasi inayolisema.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kufuta, siyo kuokota. Ukimtafuta John Smith aliyeoa mwaka 1740, usimchukue John Smith wa kwanza unayemwona kwenye ubatizo. Orodhesha wote wa umri unaofaa, katika parokia hiyo na za jirani. Kisha nenda kwenye mazishi uone nani alikufa mtoto, na kwenye ndoa uone nani alioa mwingine. Anayebaki ndiye wako, kwa muda. Wakibaki wawili, andika wawili. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, kila babu aliye juu yake ni babu wa watu wengine.

Ndoa ya Shakespeare mwenyewe inaonyesha makarani walivyokuwa. Kitabu cha askofu wa Worcester cha 27 Novemba 1582 kinataja leseni ya kumwoa Anne Whateley wa Temple Grafton. Hati ya dhamana ya siku iliyofuata inasema Anne Hathwey wa Stratford. Wengi wanaona ni kuteleza kwa kalamu, ila kuna walioandika riwaya nzima za mapenzi juu ya huyo Whateley. Na kitabu cha parokia kinachoonyesha ndoa ilifungwa wapi hakijapatikana.

Pamoja na matundu yote hayo, E. A. Wrigley na R. S. Schofield walitumia hesabu kutoka parokia 404 kukadiria idadi ya watu wa Uingereza tangu 1541 hadi 1871, katika kitabu chao cha 1981. Ilibidi wakadirie pia wale ambao vitabu viliwaacha, kama waliosali nje ya Kanisa la Anglikana.

Kwa anayeanza, rahisi ni kurudi nyuma kutoka 1837. Tangu 1813 parokia zilitumia fomu zilizochapwa: ubatizo unataja wazazi, makazi na kazi ya baba, na mazishi yanataja umri. Ule umri ni dhahabu, hata ukipishana mwaka mmoja au miwili, maana unafuta majina mengi kwa mpigo. Vitabu vingi vya zamani sasa viko kwenye ofisi za kumbukumbu za kaunti, na FreeREG, mradi wa watu wa kujitolea, unaweka majina mtandaoni bure. Ukilipata jina humo, fungua picha ya ukurasa wenyewe kama ipo, usome na mistari ya juu na chini yake.