Kabla Hujatoa Milioni Zako: Namna ya Kukagua Gari la Mkononi

Ukishaingia chuo, nyumbani unageuka mtaalamu wa kila kitu. Simu ikigoma unaitwa wewe, barua ya serikali ya mtaa unasoma wewe, na mjomba akitaka kununua gari anakupigia wewe: "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi, twende ukaniangalizie."

Mwaka jana nilikwenda. Nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na injini nilikuwa naijua kwa mchoro wa ubaoni tu, ila sikutaka kumwambia hivyo. Lilikuwa Vitz la zamani, bei milioni 5 na laki 2. Tulipofika, dalali alikuwa ameshaliwasha. Redio inapiga, viti vimeoshwa, AC inapuliza baridi. Nikasema, "Anko, gari zuri hili." Wiki ya tatu likachemka kwenye foleni, silinda hedi ikapinda. Zile zilikuwa hela za kiwanja alichouza. Gari lilikuwa lifanye teksi, na humo humo itoke ada ya binamu zangu wawili.

Mjomba hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Likizo ile niliimalizia kwenye gereji ya mtaani kwetu, nikimuuliza fundi maswali mpaka akachoka. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Anza na karatasi, si boneti

Omba kadi halisi ya gari, siyo picha ya kwenye simu. Ukiambiwa "kadi iko kwa jamaa mmoja hivi", jua huenda imewekwa rehani ya mkopo. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bati la gari, na namba ya injini vilevile. Herufi moja ikipishana, usiendelee.

Halafu angalia madeni kwa namba ya gari: faini za polisi wa usalama barabarani na deni la maegesho. Usipoyajua mapema, utayakuta barabarani, na trafiki hatataka kusikia habari za mmiliki wa zamani.

Na usidanganywe na herufi. Mtu akisema "hii ni namba D", anakueleza gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, siyo lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 linaweza kabisa kuwa namba D. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi.

Lione likiwa limelala

Hapa ndipo mimi nilipopigwa. Injini ya moto inaficha mengi: kuwaka kwa shida, mlio wa vyuma, moshi wa mwanzo. Nenda asubuhi, gusa boneti. Kama ni ya moto, rudi kesho na umwombe muuzaji asiliwashe.

Likiwa bado baridi, chomoa stiki ya oili na ufungue kifuniko cha oili. Oili nyeusi ni uchafu tu, inabadilishwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo unaongelea gasketi au hedi. Fungua rejeta pia, lakini ikiwa baridi tu! Maji yaliyo chini ya mgandamizo hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua kifuniko, mgandamizo unashuka ghafla, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Ndani ukikuta maji ya kutu, gari limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi. Ukikuta utando wa oili, aga.

Sasa washa. Kabla injini haijashika, ufunguo ukiwa kwenye "ON", taa ya injini na ya airbag lazima ziwake, kisha zizime baada ya gari kuwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa siyo habari njema. Kuna watu hung'oa balbu ili usione kosa. Kisha mtu asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu: linakula oili. Mweusi: mafuta hayaungui vizuri. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto: maji yanaingia kwenye silinda. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutishe.

Bodi na mita

Kagua gari mchana, siyo usiku na siyo baada tu ya kuoshwa. Nafasi kati ya milango na boneti ziwe sawa pande zote. Chukua kisumaku kidogo: mahali kisiposhika kwenye bati, chini ya rangi kuna puti. Inua zulia na tairi la akiba, nusa. Harufu ya uvundo na kutu kwenye reli za viti zinaonyesha gari limewahi kuzama kwenye mafuriko.

Mita inarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo isome pamoja na vitu vingine. Mita inasema kilomita elfu 70, lakini pedali ya breki imelika na usukani umechubuka? Amini pedali. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Liendeshe hadi lichoke

Kuzunguka mtaa mmoja hakutoshi. Nusu saa, AC imewashwa, ikiwezekana kwenye foleni na mlima. Gari linalochemka halichemki dakika ya tano. Kama ni otomatiki, kanyaga breki, ingiza D, kisha R. Likichelewa kushika au likipiga kishindo, giaboksi inaumwa. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, ni hivyo hivyo.

Ukiridhika, mlipe fundi wako mwenyewe aje na mashine ya kusoma makosa. Fundi wa dalali ni wa dalali. Malipo yapitie benki kwa jina la kwenye kadi, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja, siyo "tutaenda tu". Tena usimalize hela zote kwenye bei: oili, breki na tairi vinakusubiri.

Mwaka huu mjomba aliuza lile Vitz kama lilivyo. Dalali alimshauri alioshe, atie oili nzito, anyamaze. Mjomba alimwonyesha mnunuzi hedi iliyochongwa na risiti za gereji, akapata milioni 2 na laki 8. Tumeshakagua magari mawili mengine, yote tumeyaacha. La kwanza dalali aliniuliza, "Dogo, wewe fundi?" Nikamjibu hapana, mimi ni mwanafunzi, naomba tuzime injini, nitarudi kesho asubuhi.