Bunia: Upepo unapong'oa mabati, imani inashika nini?

Katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, mjini Bunia, dalili zinajulikana. Jua linawaka sana hadi mchana, kisha wingu jeusi linapanda, hewa inapoa ghafla, na kabla tone la kwanza halijaanguka upepo unafika. Mama wanaita watoto, wanaume wanashika kamba za mahema, na sauti za maombi zinapanda kushindana na kelele za turubai.

Wengi wa wakaaji wa Kigonze walikimbia mauaji yaliyoanza upya katika wilaya ya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Waliokoka panga na risasi. Kwa familia iliyokwisha kuacha nyumba, shamba na mifugo, turubai likipasuka ni kupoteza makao kwa mara ya pili.

Katika mitaa ya mji hali si tofauti sana. Bati linaruka, mti wa kalitusi unaangukia jiko la jirani, darasa linabaki wazi. Wengi huita upepo huo kimbunga, lakini mara nyingi si ule unaozunguka kama mkonga wa tembo, unaojulikana sana Marekani. Ni hewa baridi inayoporomoka kutoka ndani ya wingu kubwa la mvua, ikifika chini inasambaa kwa nguvu. Bunia iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na Ziwa Albert haliko mbali. Joto la mchana na unyevu vinajenga mawingu hayo, hasa katika miezi ya mvua.

Pamoja na upepo huja radi. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Huko Kabare, Kivu Kusini, watafiti walihesabu zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba.

Baada ya dhoruba, swali husikika: kwa nini nyumba hii, na si ile? Wengine hujibu kwamba ni uchawi, wengine kwamba mwenye nyumba ana dhambi aliyoificha. Maneno hayo yana hatari. Mjane aliyepoteza paa anaweza kupoteza pia majirani, na katika jimbo lenye majeraha ya vita, tuhuma kama hiyo haichelewi kuzaa ugomvi.

Biblia yenyewe haiwaungi mkono wanaonyosha kidole. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, na wito wa kutubu anawapa walio hai.

Matukio ya jirani yanaonyesha hivyo hivyo. Tarehe 10 Machi 2018, radi iliwaua watu 16 katika kanisa la Waadventista wilayani Nyaruguru, Rwanda. Tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 waliuawa na radi katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Walikuwa wakisali. Hakuna anayeweza kusema kwamba walikosa imani.

Basi imani inasaidia nini? Mjini Bunia jibu linaonekana kesho yake asubuhi. Mama wa kanisa wanapita na unga wa mihogo na sabuni. Vijana wa kwaya wanaokota mabati na kunyoosha misumari. Familia isiyo na paa inalala kwa ndugu wa jumuiya, au kwenye mabenchi ya kanisa. Tangu miaka ya vita, makanisa ya mji huu, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yamezoea kupokea watu wasio na pa kulala.

Kanisa linaweza pia kusaidia kabla ya wingu kupanda. Tangazo la Jumapili linawafikia watu wengi: mbao za paa zifungwe kwa waya hadi ndani ya ukuta, paa la baraza lijengwe peke yake ili upepo usiling'oe pamoja na lile la nyumba, matawi makavu yakatwe, mtu asijifiche chini ya mti radi inapopiga. Majengo wanamokusanyika mamia ya watu, kama makanisa na shule, yanahitaji kinga ya radi iliyowekwa na fundi.

Kufunga paa kwa waya si kumjaribu Mungu wala kumwonea mashaka. Usiku upepo ukirudi Kigonze, watu wataomba tena, na atakayekuwa ameomba huku ameshika kamba ya hema la jirani yake atakuwa amefanya yote mawili.