Tuta la Asparagasi: Utangulizi kwa Mkulima wa Bustani ya Nyumbani

Umezoea pengine mchicha na sukumawiki, mboga za kupanda, kuchuma na kupanda tena. Asparagasi hupandwa mara moja tu, na tuta lililoandaliwa vizuri huvunwa miaka 15 au hata zaidi. Ndiyo maana kazi ya siku ya kupanda ina uzito mkubwa: ukiifanya vyema utaifaidi miaka yote hiyo, na ukiilipua utaishi nayo. Utangulizi huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuiotesha, mwenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba, hasa katika nyanda zetu za juu kama Lushoto, Njombe au Limuru. Nitakaa sana kwenye mambo ya chini ya ardhi, kwa kuwa huko ndiko mboga hii inakotengenezwa.

Tuanze na mmea wenyewe, ambao jina lake la kitaalamu ni *Asparagus officinalis*. Wanabotania wa leo wanauweka katika familia moja na mkonge, na ndugu zake wa porini, kama *Asparagus africanus*, huota wenyewe katika vichaka vya Afrika Mashariki. Sehemu inayoliwa ni chipukizi changa. Lishike mkononi ulitazame kwa karibu: ubavuni utaona vigamba vidogo vya pembetatu, vilivyoachana upande wa chini na kusongamana kileleni. Vigamba hivyo ndivyo majani halisi ya mmea. Chipukizi lisipokatwa hurefuka kupita kiuno cha mtu, kisha kwenye kwapa za vigamba huchomoza vitawi vyembamba kama nyuzi, hadi likawa kichaka chepesi cha kijani. Usidanganyike ukadhani nyuzi hizo ni majani. Ni vitawi vilivyochukua kazi ya majani, yaani kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua.

Chini ya udongo kuna tunguu, yaani shina linalolala ardhini na kubeba macho yanakotokea machipukizi. Tunguu hilo hutoa mizizi ya aina mbili: mizizi minene inayohifadhi sukari, na mizizi myembamba inayonyonya maji na virutubisho. Ukilichimbua tunguu la mwaka mmoja na kulikung'uta udongo, utadhani ni pweza aliyetandazwa kwenye meza ya sokoni. Basi mzunguko wote ni huu: kichaka hutengeneza sukari, sukari hushuka kwenye mizizi minene, na akiba hiyo ndiyo inayosukuma machipukizi ya msimu ujao. Unachokula leo kilitengenezwa na kichaka cha msimu uliopita. Ukishalielewa hili, kanuni zinazofuata hutahitaji kuzikariri, maana zote zinalinda akiba hiyo.

Kwanza, mahali. Chagua sehemu inayopata jua kwa muda mrefu wa siku, pembezoni mwa bustani, ili vichaka visizitie kivuli mboga nyingine. Hakikisha maji hayatuami, kwani mizizi inayokaa kwenye maji hushambuliwa na fusari, ukungu wa udongoni unaoiozesha. Kulipima hilo ni rahisi: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Ukiyakuta bado yapo kesho yake, tafuta mahali pengine au inua tuta. Pima pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ambapo 7 ni katikati na chini ya hapo ni uchachu. Asparagasi hupenda kati ya 6.5 na 7. Udongo mwekundu wa milimani unaopata mvua nyingi mara nyingi huwa mchachu zaidi ya hapo, hivyo utahitaji chokaa ya kilimo miezi michache kabla ya kupanda. Mwisho, ng'oa magugu ya ndago na sangari mpaka yaishe kabisa. Tunguu likishatandaza mizizi, hutaweza tena kuchimba kwa kina bila kuikata.

Pili, miche. Unaweza kununua matunguu ya mwaka mmoja, au kuotesha mbegu kitaluni. Katika udongo wenye joto la nyuzi 24 hadi 29, mbegu huota kwa wiki mbili au tatu hivi, kisha miche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Jua pia kwamba kuna mimea dume na mimea jike. Jike huzaa matunda madogo mekundu, na sukari inayokwenda kwenye mbegu haifiki mizizini, kwa hiyo kwa kawaida dume hutoa machipukizi mengi zaidi. Katika maeneo yenye joto, aina ya UC 157, iliyozalishwa California, imepata sifa nzuri.

Tatu, kupanda. Mvua zinapoanza, chimba mtaro wa kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye samadi iliyooza vizuri chini yake. Panga matunguu kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45, macho yakitazama juu na mizizi ikitandazwa pande zote. Mitaro iachane mita 1.2 au zaidi. Fukia kwa sentimita tano tu za udongo, kisha ongeza kidogo kidogo kadiri machipukizi yanavyorefuka, hadi mtaro ujae. Huenda ukauliza kwa nini usiufukie wote mara moja. Ni kwa sababu tunguu changa lina akiba ndogo, na likilazimika kupenya udongo mzito huimaliza kabla halijaliona jua.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: nitakula lini? Mwaka wa kwanza usikate hata chipukizi moja. Mwaka wa pili vuna kwa wiki mbili tu. Kuanzia wa tatu, wiki sita hadi nane. Kata machipukizi yenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, kabla kilele hakijafumuka. Yakianza kutoka membamba kuliko penseli, akiba inapungua: acha kuvuna, yageuke vichaka.

Katika nchi za baridi, majira ya baridi huulazimisha mmea kupumzika. Kwetu hayapo, lakini kuna njia mbili zilizothibitika za kuijaza akiba upya. Wakulima wa pwani kame ya Peru husimamisha umwagiliaji, vichaka hukauka na sukari hushuka mizizini, kisha hukata mabua na kurudisha maji. Wewe unaweza kuutumia msimu wa kiangazi vivyo hivyo, ila subiri vichaka viwe manjano ndipo uvikate. Njia ya pili hutumika Taiwan na Thailand: kila tunguu huachiwa mabua machache yanayoitwa mabua mama, yaendelee kutengeneza chakula, huku machipukizi yanayotokea kando yake yakivunwa. Inafaa sana pale ambapo mvua hazikauki vya kutosha.

Familia ya watu wanne itatosheka na matunguu 20 hadi 40. Nakushauri uanze na 20, uyapalilie kwa mkono, uyatandazie nyasi kavu na kuyapa samadi kila mwaka baada ya mavuno. Ukiweza kuyatunza hayo miaka miwili bila kuzidisha kisu, mwaka wa tatu tuta lako litaanza kukulisha kikamilifu, na kuliongeza kutakuwa kazi nyepesi.