Taa ya Kamera Chini ya Maji: Uliza Kabla ya Kulipa
Unaenda kupiga picha za samaki Watamu na kamera yako ndogo? Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 hivi, nyekundu nyingi imeshapotea, ndiyo maana unahitaji taa. Moja yatosha, bora mwanga wake utawanyike. Tochi ya mwanga mwembamba huacha doa jeupe katikati ya picha.

Muulize muuzaji inastahimili kina cha mita ngapi. “Haiingii maji” si jibu. Huenda ni ya mvua tu!

Ukinunua mtandaoni, usitume diposti kwa simu ya mtu usiyemjua. Sisi tungekagua taa kwanza, kisha tulipe kwa nambari ya till ya duka. Jina likitokea tofauti, usiweke PIN.