Kobalti Moja, Milango Minne (Sehemu ya Pili)

Kiangazi kikiingia hapa Golf, mtaa wa Lubumbashi, asubuhi napangusa meza ya baraza kwa kitambaa kilicholowa, na kufika saa nane mchana naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Vumbi hilo kwa sehemu kubwa ni udongo mwekundu wa barabara. Ila katika mji ambao shaba yake ilianza kuyeyushwa mwaka 1911, sithubutu kuapa kuwa ni udongo mtupu.

Juma lililopita tuliona nanomita ni nini: mita moja ukiigawa mara bilioni moja, na unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Leo nataka tuulize ni nani anayepaswa kuzichunguza chembe zinazopimwa kwa nanomita, ziwe katika vumbi hilo au kwingine. Nina jibu moja, nalo limenikaa moyoni miaka mingi: hakuna kitivo kinachoweza peke yake.

Chukua kobalti. Katika politekniki ni jiwe la kuyeyushwa kwa asidi. Mwanakemia anaiona kama roho ya betri, daktari anaitafuta katika mkojo wa mgonjwa, na mtaalamu wa kilimo anaikuta katika udongo unaootesha mboga zetu za lengalenga. Milango ni minne na kila mmoja una ufunguo wake. Katika chuo kimoja nilimwona asistenti aliyesubiri miezi ili sampuli zake zipimwe nje ya nchi, kumbe kifaa cha aina ileile kilikuwa kimefungiwa katika jengo la jirani. Hakuna aliyemficha. Hakuna tu aliyewahi kumwambia.

Mwezi wa Aprili 2022, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, kwa ushirikiano na vyuo vya Zambia. Hesabu zilikuwa zimekwisha kutolewa: mwaka 2021 BloombergNEF ilikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi ya betri kwa mwaka kingegharimu dola milioni 39 kikijengwa Kongo, na mara tatu ya fedha hizo kikijengwa Marekani. Nchi yetu inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, nayo huondoka kwa malori ikiwa unga ambao haujakamilika.

Ugumu uko katika hatua inayofuata. Chumvi za nikeli, manganizi na kobalti huyeyushwa katika maji, kisha hutiwa magadi makali na amonia huku mchanganyiko ukikorogwa bila kusita. Chembe ndogo za mamia ya nanomita huzaliwa na kushikamana mpaka zinakuwa mipira ambayo jicho haliioni. Ukikosea ukali wa magadi au mwendo wa kukoroga, mipira inaharibika, na betri haitadumu. Anayejua kemia hiyo anamhitaji fundi wa mitambo. Na wote wawili, kabla ya kufungua mfuko wa kwanza wa unga mkavu, wanamhitaji daktari wa mapafu, maana chembe kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyozama ndani zaidi ya kifua.

Kushirikiana huku hatukuanzi leo. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, madaktari na wataalamu wa sumu wa Lubumbashi na Ubelgiji walifanya kazi pamoja na mtaalamu wa miamba na mtaalamu wa udongo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: wakazi walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko majirani wa mtaa mwingine, na watoto ndio walioathirika zaidi. Daktari peke yake angepima mkojo, lakini asingejua vumbi limetoka wapi.

Arusha nako, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela aliunganisha chujio la mchanga la kijijini na vitu vya kinano, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Ninachokipenda katika kazi yake ni kwamba swali lilitoka kisimani: maji ya pale yana floridi nyingi, ya kwingine yana uchafu mwingine, na chujio hutengenezwa kulingana na maji yenyewe.

Nasi tunalo swali letu. Huko Penga Penga, mtaa ulio upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, wataalamu wa kilimo wamejaribu kufunika udongo mchafu kwa nyasi za asili zinazovumilia shaba, wakiongeza chokaa na mboji. Nilipita huko siku moja na wenzangu wawili, daktari na bwana shamba. Mama mmoja alikuwa akimwagilia tuta lake.

“Munganga,” akamuuliza daktari, “hii lengalenga tukule ao tuache?”

Daktari akamtazama bwana shamba. Bwana shamba akainama, akachukua konzi ya udongo, akaomba mfuko. Daktari akakata majani machache, akayaweka katika mfuko huohuo, akaandika juu yake tarehe na jina la mtaa. Sasa mfuko huo unahitaji mwanakemia wa kuupima na mhandisi wa kusoma ukubwa wa chembe. Juma lijalo nitaeleza ulifika mlango gani kwanza.