BETRI HAINA KOSA
Namna ya kutafuta ugonjwa wa chaji katika pikapu kuukuu



Msimu wa karafuu ukaribiapo, kila mmoja wetu hutazama majamvi yake, magunia yake, na gari litakalochukua mzigo wake mpaka kituoni. Wengi wetu twatumia pikapu kuukuu, zilizokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kutufikia. Malalamiko ni yale yale: asubuhi gari haliwaki, na fundi husema, "Leteni betri mpya." Twaandika habari hii kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, tulipokwenda kutazama namna wakulima wa huko wanavyokausha na kuhifadhi vitunguu saumu.

Mbulu ni nchi ya juu, na baridi yake ya alfajiri katika miezi ya Juni na Julai si baridi tuijuayo visiwani. Mwenyeji wetu alikuwa na pikapu ya dizeli ya miaka mingi. Katika mwaka mmoja alikwisha kununua betri mbili, na ya pili nayo ilikuwa imeanza kulegea. Fundi mmoja alimwambia anunue altaneta nzima, naye alikwisha kuazimia kuuza ng'ombe wake wa maziwa kwa ajili hiyo.

Tulitoka naye Mbulu alasiri, tukapita Dongobesh, tukateremka mteremko wa Dareda, kisha tukashika njia ya Katesh, chini ya Mlima Hanang. Jua likatuchwea njiani. Taa za mbele zikawa manjano kama kibatari, hata hatukuona vizuri ukingo wa barabara. Lakini ile taa nyekundu ya chaji mbele ya dereva ilikuwa imezimika, kana kwamba kila kitu ni salama. Tulifika Katesh kwa kufuata taa za lori lililokuwa mbele yetu.

Asubuhi yake tulimpata fundi mmoja mzee, mwenye mita ndogo na maneno machache. Alichotufundisha ndicho tunachowaleteeni hapa.

Kwanza yafaa kujua kazi ya kila kitu. Betri ni mtungi. Altaneta ndiyo mtekaji wa maji. Na nyaya ndizo njia apitayo mtekaji. Mtungi ukiwa mtupu kila siku, usikimbilie kununua mtungi mwingine. Uliza kwanza: je, mtekaji anateka? Na je, maji yanafika, au yanamwagika njiani?

(1) Anza kwa macho na mikono. Zima mashine, kisha tazama mkanda wa feni. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu; aghalabu hubonyea kiasi cha sentimita moja. Mkanda unaong'aa kama kioo, au unaolia gari likiwashwa, unateleza, na altaneta haizunguki ipasavyo. Katika pikapu nyingi za dizeli, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, haupotei umeme tu, bali na breki huwa ngumu mguuni. Katika mteremko kama ule wa Dareda hilo si jambo dogo.

(2) Tazama taa nyekundu. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha mashine, taa ya chaji sharti iwake. Mashine ikisha kuwaka, sharti izime. Isipowaka kabisa, angalia fyuzi na glopu yake, kwani katika magari mengi ya zamani umeme unaopita katika glopu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Glopu ndogo ikiungua, altaneta nzima huweza kulala. Lakini kuzima kwa taa si ushahidi kwamba betri inapata chaji. Sisi tulidanganywa na taa hiyo usiku mzima.

(3) Pima betri. Mita haina gharama kubwa, na yapunguza ubishi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0, imekaribia kuisha. Kisha washa mashine na uongeze moto kidogo. Sasa mita yapasa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki pale pale ilipokuwa, chaji haifiki. Ikipita 15, kirekebishi cha altaneta kimeharibika, na betri itachemka maji yake mpaka ife.

Betri ya mwenyeji wetu ilionyesha 12.1 kabla ya kuwasha, na 12.5 baada ya kuwasha. Alipowasha taa kubwa, ikashuka tena. Fundi wa kwanza aliishia hapo, akahukumu kwamba altaneta imekufa.

(4) Pima njia. Hapa ndipo mzee yule alipotofautiana na mwenziwe. Mashine ikiwa inaunguruma, aliweka ncha moja ya mita kwenye msumari mkubwa ulio nyuma ya altaneta, na ncha ya pili kwenye kichwa hasi cha betri. Mita ikasema 14.2. Basi altaneta ilikuwa ikizalisha kama kawaida, lakini katika safari ya kufika kwenye betri, volti 1.7 zilipotea. Kwa kawaida upotevu katika waya huo haupiti volti 0.3 hivi. Alizima mashine, akafungua waya hasi wa betri, kwa maana msumari ule una umeme wakati wote, kisha akaondoa kifuniko cha mpira. Ncha ya waya ilikuwa nyeusi, imeungua, na nati yake imelegea. Aliikata, akatia ncha mpya, akasafisha kwa msasa na kukaza. Betri ikaonyesha 14.1. Ng'ombe akabaki zizini.

Upande wa hasi nao hupimwa hivyo hivyo: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili kwenye mwili wa altaneta. Upotevu ukizidi volti 0.2, kuna kutu mahali.

(5) Altaneta ifunguliwe mwisho. Ikiwa mkanda, fyuzi, glopu na nyaya ni salama, na kwenye msumari wa altaneta nako hakuna volti za kutosha, hapo ndipo ifunguliwe. Hata hivyo aghalabu kilichokwisha ni brashi, ambazo huliwa upesi zaidi penye vumbi jingi, au kirekebishi. Vyote viwili huuzwa mbali mbali na altaneta yenyewe.

Twawaonya juu ya jambo moja. Wako mafundi ambao hung'oa waya wa betri mashine ikiunguruma ili "kujaribu" chaji. Desturi hiyo ni ya zama za dinamo. Altaneta, ambazo Chrysler ya Marekani ilianza kuzitia katika gari lake la Valiant la 1960 na wengine wakafuata, zina dayodi ndani yake. Ukiing'oa betri ghafula, volti hupanda na dayodi huweza kuungua. Umekwenda kutafuta ugonjwa, umeuleta mwenyewe.

Sasa tuseme na letu. Msimu uliopita kamati ilitoa fedha za wanachama kununulia betri ya pikapu ya chama, na mwezi huu lilikuwapo shauri la kununua altaneta. Tuliporudi kutoka bara tuliipima kwa taratibu hii. Altaneta ni nzima. Waya wa hasi unaofungwa kwenye mashine ndio uliokuwa umeliwa na kutu, na hewa yetu ya chumvi twaijua. Tumebadilisha waya huo mmoja, na chaji imerudi. Kosa la kutopima mapema lilikuwa letu, si la betri, na shauri la altaneta tumeliondoa.

Mita ya chama iko afisini. Mwanachama yeyote aweza kuja kuiazima kabla hajafungua mfuko wake. Dhana si yakini. Pima kwanza, kisha ununue.