Kupima Presha kwa Mkono Bila Kukosea

Kupima presha kwa mkono ni kusikiliza ateri iliyobanwa inapofunguka. Daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda wa kujazwa hewa mwaka 1896, lakini kwa kupapasa mapigo aliweza kujua shinikizo la juu tu. Mwaka 1905 Nikolai Korotkoff, daktari wa upasuaji wa Urusi, alieleza sauti zinazosikika kwa stethoskopu, na hapo la chini nalo likapimika.

Makosa mengi hutokea kabla hewa haijajazwa. Mgonjwa aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, kibofu kitupu. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa. Mkono uachwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo, kwani ukining'inia kipimo hupanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba, hata kumpa mtu mzima ugonjwa asio nao.

Inafuata hatua inayorukwa mno, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Muuguzi apapase mapigo ya kifundo cha mkono huku akijaza hewa, aangalie yanapotea kwenye namba gani, kisha aitoe yote. Akijaza tena, apite namba hiyo kwa milimita 20 hadi 30. Sababu ni kwamba kwa baadhi ya wenye presha ya juu sauti hukatika katikati, kisha hurudi. Mwenye 190 ambaye sauti zake zimekatika kati ya 170 na 150, mkanda ukijazwa hadi 160 tu, ataandikiwa 150 na kurudishwa nyumbani akiwa hatarini.

Hewa itolewe polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza inayojirudia ni shinikizo la juu. Zinapotoweka kabisa ni la chini. Kwa baadhi ya wajawazito huendelea hadi sifuri, na hapo huandikwa namba ambayo sauti zilififia. Namba isikadiriwe kwa makumi, bali isomwe hadi milimita 2 zilizo karibu.

Kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili, na siku ya kwanza mikono yote miwili ipimwe. Wenye namba kubwa ndio utumike baadaye. Kwa kawaida mtu mzima huhesabiwa kuwa na presha ya juu akifikisha 140 kwa 90, au mojawapo ya namba hizo, katika siku mbili tofauti.